Nani Anamlipa Mkaguzi? Kutoka Sangara wa Musoma Hadi Dhahabu ya Nyamongo

Mapema Machi 2022, wakazi wa kando ya Mto Mara walikuta maji yamegeuka rangi na kuwa meusi, huku samaki waliokufa wakielea. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilipomaliza kazi ilisema hewa ya oksijeni majini ilikuwa imepungua mno kwa sababu ya uchafu wa kikaboni: mimea iliyooza, pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo.

Wengi hawakusadiki. Mitandaoni ng'ombe wa Mara walitaniwa sana, na minong'ono ikaendelea kuelekea Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mgodi huo una historia yake na maji. Una pia vyeti: Barrick, kampuni inayouendesha, husema katika ripoti zake kwamba migodi yake inakaguliwa kwa kiwango cha kimataifa cha mazingira, ISO 14001. Yaani maji yalikuwa na wakaguzi wake, mgodi ulikuwa na wakaguzi wake, na mwananchi alibaki na shaka yake ileile.

Mto Mara hupita kati ya wilaya mbili. Kaskazini ni Tarime, ambako mgodi upo. Kusini ni Serengeti, yenye mji wa Mugumu na kata kama Issenye, jirani na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Barabara ya Tarime hadi Mugumu hupita Nyamongo na kuvuka mto huo. Eneo hili la wakulima na wafugaji laonekana kuwa mbali na biashara ya vyeti na kaguzi, lakini mkoa wa Mara umeishi na wakaguzi kwa miongo mitatu sasa, na kila kundi lilikuja na bosi wake.

Kazi ya ukaguzi wa watu wa nje ilianza na meli na nafaka. Bureau Veritas iliundwa Antwerp mwaka 1828 ili wenye bima wajue hali ya vyombo kabla ya kuvikatia bima. SGS ilianza Rouen, Ufaransa, mwaka 1878, ikihakiki shehena za nafaka zinazoshushwa bandarini, kwa sababu muuzaji na mnunuzi hawakuaminiana kwenye mizani. Kampuni hiyohiyo leo ina maabara Mwanza inayopima sampuli za miamba ya migodi ya Kanda ya Ziwa.

Hatua iliyofuata ilitoka jeshini. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilitoa masharti ya ubora kwa viwanda vilivyoliuzia vifaa. Badala ya kukagua kila kifaa kilichokamilika, mnunuzi alitaka kuona jinsi kiwanda kinavyojiendesha: nani anapima, nani anaandika, kosa likitokea nani anarekebisha. Uingereza ikayafanya mawazo hayo kuwa kiwango cha taifa, BS 5750, mwaka 1979. Mwaka 1987 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, likatoa mfululizo wa ISO 9000. Cha mazingira, ISO 14001, kilifuata mwaka 1996, na cha usalama na afya kazini, ISO 45001, mwaka 2018.

ISO yenyewe haimpi mtu cheti. Inaandika kiwango tu. Cheti hutolewa na kampuni za uthibitishaji, kwa kawaida kwa miaka mitatu, na katikati yake wakaguzi hurudi kuangalia kama mambo bado yako sawa. Kampuni hizo nazo hukaguliwa na vyombo vya ithibati, kama SADCAS, chombo cha nchi za SADC chenye makao Gaborone. Anayelipa gharama ya cheti ni yule anayekaguliwa.

Tanzania ilipata chombo chake cha viwango kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1975, na mwaka 1977 kikapewa jina la Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa miaka mingi mwananchi aliijua TBS kwa nembo yake iliyobandikwa kwenye bidhaa za viwandani. Ukaguzi wa mfumo mzima wa biashara, unaoanzia chanzo cha malighafi hadi kwenye gari la mzigo, uliingia Mara kwa nguvu kupitia mlango mwingine, na ulikuja kwa sababu ya samaki.

Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama Mwanza na Musoma, na mzigo mkubwa ukienda Ulaya. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la afya kwa mazao ya uvuvi: samaki wa nchi za nje lazima atoke kwenye kiwanda kilichosajiliwa, chini ya mamlaka ya serikali inayoaminika, na kwa utaratibu wa kubaini hatari kabla hazijatokea. Utaratibu huo ndio HACCP, uliobuniwa Marekani na kampuni ya Pillsbury pamoja na NASA na maabara ya jeshi huko Natick, kwa ajili ya chakula cha wanaanga.

Kisha yakaja makatazo, moja baada ya jingine. Baada ya bakteria wa salmonela kugundulika kwenye minofu, mwaka 1997 Ulaya ilidai vipimo kwa kila shehena. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki wakati wa mvua za El Niño, samaki wabichi walizuiwa hadi katikati ya 1998, ingawa FAO na Shirika la Afya Duniani walipinga hoja ya kisayansi ya hatua hiyo. Mwaka 1999 likaja pigo zito zaidi: taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu za kuulia wadudu, dawa zilezile za mashambani. Soko la Ulaya likafungwa kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanda vikapunguza kazi, na bei ya sangara ikaanguka mialoni.

Hapo ndipo neno ukaguzi lilipopata uzito kwa mvuvi. Wakaguzi wa Ofisi ya Chakula na Mifugo ya Umoja wa Ulaya, iliyokuwa na makao Ireland, walikuja kuangalia viwanda. Zaidi ya hapo waliikagua serikali yenyewe: je, Idara ya Uvuvi ina wakaguzi, ina maabara, ina mamlaka ya kufunga kiwanda? Tanzania ilijipanga upya na kuimarisha maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza. Ilikuwa ya kwanza kati ya nchi tatu kufunguliwa tena mlango. Uganda na Kenya zilisubiri zaidi.

Ukiingia leo kwenye kiwanda cha minofu unaona alama za miaka ile. Mlangoni kuna dimbwi la maji yenye klorini, na huwezi kuvuka bila kutumbukiza mabuti. Nywele ziko ndani ya kofia, pete zimebaki nje. Mkaguzi anachoma kipimajoto katikati ya mnofu, kwa sababu sheria ya Ulaya inataka samaki mbichi akae kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Anaomba daftari la jana, analinganisha saa na saini. Kisha anamgeukia kijana anayekata minofu na kumuuliza afanye nini akijikata kidole. Jibu la kijana huyo lina uzito sawa na la meneja.

Mfumo huo ulikuwa mkali, lakini matokeo yake yalieleweka. Kasoro kubwa ikipatikana, mzigo haupandi ndege. Mkaguzi wa Ulaya alilipwa na fedha za umma wa kwake na mkaguzi wa Idara ya Uvuvi alilipwa na serikali. Hakuna kati yao aliyetafuta kuitwa tena na kiwanda mwaka ujao.

Dhahabu ilifuata njia nyingine.

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines, katikati ya vijiji kama Nyangoto, Kewanja, Kerende na Matongo, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono kabla ya kampuni kufika. Ukapita kwa Placer Dome, kisha kwa Barrick mwaka 2006, kisha African Barrick Gold, iliyobadili jina kuwa Acacia mwaka 2014. Mwaka 2019 Barrick iliichukua tena yote, na sasa serikali ina hisa za asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga Minerals.

Wakati mgodi unakua, sekta ya dhahabu duniani ilikuwa inaponya jeraha lake. Januari 30, 2000, bwawa la mgodi wa Baia Mare, Romania, lilipasuka na kumwaga takribani mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi. Samaki wakafa hadi Hungary, katika mito ya Tisza na Danube. Kampuni na wadau wengine, chini ya uratibu wa Umoja wa Mataifa, wakaandika Kanuni za Kimataifa za Usimamizi wa Sianidi, zilizotolewa mwaka 2002. Kujiunga ni hiari, na mgodi uliojiunga hukaguliwa na mkaguzi wa nje kila miaka mitatu, kisha muhtasari wa ripoti unatangazwa hadharani. Barrick ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kutia saini.

Lakini vijiji viliusoma mgodi kwa maji yake. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja na kuingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Kampuni ilisema wezi waliiba utando wa plastiki uliokuwa umetandikwa bwawani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima maji na udongo wa eneo hilo mwaka uleule walitoa tahadhari kuhusu metali nzito. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, serikali iliupiga mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira, na Julai Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, likazuia matumizi ya bwawa la topesumu hadi lirekebishwe. NEMC, yenye nguvu kutokana na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ndiyo iliyofanya kile ambacho vyeti havikufanya: ilisimamisha kazi.

Sababu imo ndani ya aina ya ukaguzi wenyewe. Mkaguzi wa ISO 14001 huangalia kama mgodi umetambua athari zake, umeweka malengo, unapima, unaandika, na unarekebisha kasoro. Hana kazi ya kuhukumu kila tone linaloingia Tigithe. Kampuni yenye mfumo mzuri inaweza kupata ajali, na cheti kikabaki ukutani maadamu ajali imeandikwa na hatua zimechukuliwa.

Serikali nayo ilikuwa na mkaguzi wake wa madini. Wakala wa Ukaguzi wa Madini, TMAA, uliundwa mwaka 2009 kuhakiki uzalishaji na mapato ya migodi mikubwa. Mei 2017, baada ya kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma kutoa ripoti kuhusu makontena 277 ya makinikia (mchanga wenye madini) ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yaliyokuwa yamezuiwa bandarini, Rais John Magufuli aliivunja bodi ya TMAA na kumsimamisha mtendaji wake mkuu. Wakala wenyewe ukafutwa, na kazi zake zikaenda Tume ya Madini. Kwa hiyo mkaguzi wa umma naye hakusalimika kwenye swali la nani anamwamini.

Swali hilo limefika London. Soko la dhahabu la London linasimamiwa na chama kiitwacho LBMA, ambacho tangu mwaka 2012 kimekuwa na mwongozo wa dhahabu iliyopatikana kwa njia inayokubalika, na viwanda vya kusafisha dhahabu lazima vikaguliwe kila mwaka ili vibaki kwenye orodha yake. Dhahabu ya North Mara ilikuwa ikisafishwa India na MMTC-PAMP, kiwanda kilichomo kwenye orodha hiyo. Desemba 2022 familia za watu wawili ambao ndugu zao wanasema waliuawa mgodini mwaka 2019 zilifungua kesi Mahakama Kuu ya Uingereza dhidi ya LBMA. Dai lao ni kwamba chama hicho kiliithibitisha dhahabu hiyo bila kuzingatia ukiukwaji wa haki za binadamu, dai ambalo LBMA ililikataa. Mawakili waliiita kesi ya kwanza ya aina yake: anayeshtakiwa hakuchimba wala kununua dhahabu, alitoa tu uthibitisho.

Kwa mjasiriamali wa Issenye, ukaguzi una sura ya karibu zaidi. Tangu mwaka 2019 TBS imechukua pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Anayetaka kuweka nembo ya ubora kwenye chupa ya asali au dumu la mafuta ya alizeti huanzia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. Kisha mkaguzi hufika kuangalia chanzo cha maji, dari, choo na usafi wa wafanyakazi, na kuondoka na sampuli ya kupima maabara. Kwa wajasiriamali wadogo, serikali hutenga fedha za kuwapunguzia mzigo wa gharama hizo katika kipindi cha mwanzo. Hapa anayelipa sehemu ya bili ni mlipakodi, na kinachopimwa ni kile kilichomo ndani ya chupa: ikifeli, leseni haitoki.