Printa Iliyozaliwa Katika Chumba cha Jumuiya, Kisha Ikafungiwa Mlango

Leo tuache programu kidogo tuongee habari za mikono: plaiwudi, mota, na plastiki iliyoyeyuka. Riziki yangu mimi ni kuandika programu, na shahada niliyosomea ni ya sayansi ya kompyuta. Kwa watu wa fani yangu, neno "huria" huleta akilini Linux na Apache. Lakini kisa kinachonifikirisha zaidi kuhusu uhuria hakihusu programu hata kidogo. Kinahusu mashine ya mbao iliyotengenezwa Brooklyn, New York, na marafiki watatu walioanza pamoja wakaishia njia panda.

Tuanze na vyumba vyenyewe. Wajerumani walitangulia. Chaos Computer Club iliundwa Berlin mwaka 1981, na mwaka 1995 katika jiji hilo hilo kikaanzishwa c-base, ambacho wanachama wake husema kwa utani kwamba ni mabaki ya chombo cha angani kilichoanguka hapo zamani za kale. Mpango ni rahisi. Watu wanachangishana kodi ya nyumba, wananunua vifaa ambavyo mmoja peke yake hawezi kuvinunua, na kila mwanachama anavitumia. Sisi tungeita chama, ila badala ya kuzungushiana pesa mnazungushiana bisibisi.

Mwezi Agosti 2007 kundi la Wamarekani lilisafiri hadi Ujerumani kuhudhuria kambi ya Chaos Communication Camp, wakavitembelea vyumba hivyo, na roho zikawatamani. Desemba mwaka huo, Jens Ohlig na Lars Weiler walitoa mhadhara Berlin wa jinsi ya kuanzisha chumba kama hicho bila kuvunjika katikati. Mashauri yao ni ya watu walioumwa na mambo: muwe na jiko, maana watu hukaa mahali penye chakula, na mkishindwa kukubaliana siku ya kukutana, chagueni Jumanne, kwa kuwa hakuna siku inayomfaa kila mtu, basi yaishe. (Mtu yeyote aliyewahi kupanga mkutano wa kamati ya harusi Nairobi atajua kwa nini nawapenda watu hawa.) Wageni wale waliporudi kwao vikazaliwa NYC Resistor huko Brooklyn, HacDC mjini Washington, na Noisebridge huko San Francisco.

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza, Chuo Kikuu cha Bath. Mwaka 2005 mhandisi Adrian Bowyer alianzisha mradi aliouita RepRap. Lengo lake lilikuwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki ambayo ingeweza kuchapa sehemu zake yenyewe, ili ukiwa na moja umtengenezee jirani ya pili. Michoro yote aliitoa bure kwa leseni ile ile ya GPL tunayoijua kwenye programu. Mashine ya kwanza ikaitwa Darwin, na mwezi Mei 2008 Darwin mmoja alizaa: sehemu zake za plastiki zikaunda mashine ya pili iliyofanya kazi. Bado ilikuwa lazima mtu anunue mota, vyuma na saketi, lakini wazo lilikuwa limesimama.

Kazi ya mashine hizi si uchawi. Uzi wa plastiki unasukumwa ndani ya pua ya moto, unayeyuka, unatemwa mwembamba kama tambi. Mota zinaisogeza pua kushoto na kulia, mbele na nyuma, ikichora umbo la tabaka moja. Tabaka likiganda, linawekwa jingine juu yake. Mama anayepamba keki kwa krimu anafanya hivyo hivyo, ila mkono wake hauhitaji programu.

Kwa nini basi kila mtu hakuwa nayo tangu zamani? Jibu ni hataza. Mbinu hiyo iligunduliwa na Scott Crump, ambaye alitaka kumtengenezea binti yake mdogo chura wa kuchezea, akaanza na bunduki ya gundi ya moto nyumbani. Kutokana na chura huyo ikazaliwa kampuni ya Stratasys mwaka 1989. Hataza yake iliombwa mwaka huo huo, na ilipofika 2009 ikaisha muda. Kwa miaka 20 mashine hizi zilibaki mali ya viwanda vyenye pesa. Likumbukeni jina la Stratasys, litarudi.

Turudi Brooklyn. Zach Smith, mwanachama wa NYC Resistor, alikuwa mmoja wa watu wa RepRap, akitengeneza na kuuza saketi kwa wale waliotaka kujiundia mashine. Tatizo ni kwamba kuunda RepRap kulihitaji subira ya Ayubu. Chumbani mlikuwa na mashine ya kukata kwa leza, ambayo inapasua plaiwudi kwa usahihi mkubwa ndani ya dakika chache. Smith, Bre Pettis na Adam Mayer wakajiuliza: kwa nini fremu isikatwe kwa leza, vipande vifungashwe sandukuni pamoja na mota na skrubu, mnunuzi aviunganishe mwenyewe? Januari 2009 wakaanzisha kampuni ya MakerBot. Miongoni mwa waliowapa mtaji wa mwanzo alikuwa Bowyer mwenyewe, pamoja na mkewe: dola 25,000.

Mashine ya kwanza ilikuwa Cupcake, sanduku la mbao lililoweza kuchapa kitu kisichozidi milimita 100 kwa 100 kwa 130. Iliuzwa chini ya dola 1,000 wakati za viwandani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Michoro yake yote ilikuwa wazi. Oda zilipozidi uwezo wao, MakerBot iliwaomba wateja wake wachape sehemu za mashine zijazo kwa mashine walizokwisha kununua, kwa malipo. Yaani mteja akawa kiwanda. Sijui kampuni nyingi ambazo zingethubutu kufanya hivyo, na kwangu hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote katika kisa hiki.

Kisha pesa kubwa ikaja. Mwaka 2011 wawekezaji waliweka dola milioni 10. Mwaka 2012 ilitoka mashine yao iliyoitwa Replicator, bado ikiwa huria, na mtu mmoja akatangaza nakala yake, TangiBot, kwa bei nafuu zaidi. Alishindwa kuchangisha fedha alizohitaji, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Septemba mwaka huo MakerBot ilitoa Replicator 2, na mara hii michoro haikutolewa. Zach Smith, ambaye tayari alikuwa ametoka kwenye kampuni, aliandika hadharani kwamba huo ulikuwa usaliti. Josef Průša wa Jamhuri ya Cheki, aliyekuwa amechora toleo la RepRap lililojengwa na watu wengi mno, aliwahimiza wenzake waandamane katika Thingiverse, ghala la michoro la MakerBot, ambalo lilijaa kazi za watu waliojitolea.

Pettis alijitetea kwamba kampuni yenye wafanyakazi wa kulipa haiwezi kuwapa washindani kila kitu. Sitaki kumdhihaki. Mshahara wa watu si mzaha, na kuna wakati nakala mbovu huliharibu jina la asili. Sisi tunalijua jambo hili kupitia jiko letu la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lililobuniwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la Thailand. Halikufungiwa kwa hataza, mafundi wa jua kali wakaliiga, na kweli yalitokea majiko ya udongo unaopasuka baada ya wiki chache. Lakini ni uigaji huo huo ulioliingiza katika nyumba nyingi kiasi kile, na kulitoa nje ya mipaka yetu hadi nchi jirani.

Kinachoniudhi kwa MakerBot ni mpangilio wa mambo. Walichukua kwanza kwa waliotoa bure: pua ya Bowyer na wenzake, leza ya chumba cha wanachama, michoro ya wateja. Ndipo mlango ukafungwa. Juni 2013 kampuni ilinunuliwa kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 403. Mnunuzi? Stratasys, wenye hataza ile ya chura.

Mwaka huo huo wa 2013, Lomé nchini Togo, Kodjo Afate Gnikou wa WoeLab aliunda printa iitwayo W.Afate kwa kutumia sehemu za skana na kompyuta zilizotupwa. Msingi wake ulikuwa mchoro wa Průša. Mchoro wa Replicator 2 usingemsaidia, kwa sababu hakuwa na namna ya kuupata.

MakerBot yenyewe ilipunguza wafanyakazi mwaka 2015, baada ya pua za mashine zao mpya kuwasumbua wateja vibaya. Mwaka 2022 iliunganishwa na Ultimaker ya Uholanzi, kampuni ambayo nayo ilianzia katika karakana ya wazi, ProtoSpace, mjini Utrecht. Průša aliendelea kuchora, akafungua kampuni Prague, na printa nyingi zenye jina lake zina sehemu za plastiki zilizochapwa na printa nyingine za ukoo huo huo.