Kivuko cha Kyaka na Njia Iliyotoka Mwanza

Vita vya Kagera vimekwisha kuandikwa sana, na kuimbwa zaidi. Lakini msomaji atakayeketi na maandishi hayo ataona jambo la ajabu: aghalabu yaanza na hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, kisha yaruka mpaka Kampala, iliyotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Katikati pana mto, na juu ya mto huo palikuwa na daraja lililovunjwa. Nakusudia kueleza habari za daraja hilo, la Kyaka, kwa kuwa naamini kwamba vita vile viliamuliwa kwanza njiani, kabla ya kuamuliwa kwa mizinga.

Yatupasa kuanza na nchi yenyewe. Wadachi na Waingereza walipogawana nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19, hawakuufuata mto Kagera. Walichora mstari ulionyoka katika digrii 1 kusini ya Ikweta, ukapita juu ya vilima na malisho ya watu ambao hawakuulizwa neno. Ndiyo sababu pana nchi ya Tanzania, ipatayo kilomita za mraba 1,800, iliyo ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini. Katika nchi za milima mirefu, jeshi huzuiwa kwenye mlango mwembamba baina ya majabali. Huku kwetu mlango huo ni maji, na ufunguo wake ulikuwa daraja la Kyaka.

Idi Amin aliufahamu ukweli huo. Majeshi yake yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto. Ndege zake zilijaribu kulibomoa daraja kwa mabomu zikashindwa. Basi tarehe 3 Novemba likavunjwa kwa baruti, kwa msaada wa fundi wa machimbo ya shaba ya Kilembe. Nyuma ya daraja hilo watu walibaki mikononi mwa askari wenye njaa ya mali. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa, ng'ombe wapatao 12,000 wakaswagwa kwenda Uganda, na yakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa. Neno nduli lilienea siku zile hata vinywani mwa watoto wadogo, na mtu akiyajua mambo hayo hataliona kuwa neno la chuki tupu.

Sasa tutazame kusini, maana shida ilikuwa huko. Jeshi la Wananchi halikuwa limejipanga kupigana na Uganda. Macho ya serikali yalikuwa yameelekea Msumbiji na Rhodesia, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilikuwa mbali sana na Ziwa. Kuileta Kyaka kulikuwa ni kuvuka Tanzania nzima. Reli ilifika Mwanza tangu mwaka 1928 na hapo ikaishia. Mbele yake ni maji, au barabara ndefu inayozunguka kwa Geita na Biharamulo. Aliyeishika barabara hiyo kutoka Mwanza alipaswa kwanza kungoja pantoni ya kumvusha Busisi. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limefunguliwa Juni 2025 tu, na mwanafunzi wa leo anayelipita kwa dakika chache hawezi kwa urahisi kuwaza foleni za zama zile.

Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza viongozi wa mikoa kukusanya kila kilichoweza kusaidia vita, na malori na mabasi ya raia yakatwaliwa kwa kazi hiyo. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likakua, pamoja na mgambo, hata likapita 150,000. Watu hao walipaswa kula, kulala na kubebwa katika majira ya mvua, na kila gunia lilikuwa na dereva wake. Majina ya majemadari tunayo. Majina ya madereva hatukuyaandika.

Wala huku nyuma hakukuwa na salama. Katika siku hizo za mwanzo ndege 3 za kivita za Tanzania, zikiwa njiani kwenda Mwanza, zilipita juu ya Musoma. Walinzi wetu wakazidhani ni za adui, wakaziangusha zote. Mwanza yenyewe ilipata zamu yake tarehe 29 Machi 1979, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilipolenga matangi ya mafuta ikayakosa, ikawaua swala waliofugwa kisiwani Saanane. Watu wa Mwanza hulisimulia jambo hilo kwa kicheko. Nami hucheka, lakini matangi yale yangalishika moto, malori yangalisimama.

Katika Novemba 1978 mizinga ilipiga kuvuka mto, na baadaye mwezi huo huo mafundi wa jeshi wakatandika daraja la muda la vyuma pale Kyaka. Askari wakavuka. Upinzani ulikuwa mdogo, kwa kuwa adui alikuwa amekwisha kurudi nyuma, akiacha mabomu ya ardhini, nyumba tupu na maiti za raia. Kufunguliwa kwa mlango ndiko kulikowaonyesha askari kilichotendeka nyuma yake, na nadhani hapo ndipo vita vilipobadilika nyoyoni mwao. Januari 1979 waliitwaa Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Wakalipiza kisasi, wakaua raia na kubomoa nyumba kwa matingatinga. Mwalimu alichukizwa, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Vitabu vyetu vya shule hupenda kuivuka Mutukula upesi.

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera mwaka 1979. Hesabu inayotajwa ni kwamba askari 373 wa Tanzania walikufa katika vita hivyo, na katika hao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilayani Muleba, katika nchi ile ile waliyoipita wakienda Kyaka.