Jinsi mawimbi ya maikrowevu yanavyofichua tabia za plastiki na silikoni

VIPANDE viwili vya plastiki vinaweza kulingana kwa rangi, uzani na ugumu, lakini kimoja kikapitisha mawimbi ya simu bila pingamizi huku kingine kikiyameza na kuyageuza kuwa joto. Jicho haliwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana kabla ya plastiki au silikoni kutumika katika simu, rada au setilaiti, sharti ipimwe kwa mawimbi yale yale itakayokumbana nayo kazini.

Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio na ya mwanga. Hutetema kati ya mara milioni 300 na bilioni 300 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kati ya mita moja na milimita moja. Majiko ya maikrowevu ya nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 2.45, yaani mitetemo bilioni 2.45 kwa sekunde.

Namba mbili muhimu

Wataalamu hutafuta hasa namba mbili. Ya kwanza ni kiwango cha dielektriki, kinachoonyesha jinsi kitu kinavyohifadhi nishati ya umeme ya wimbi na kupunguza kasi yake. Mahali pasipo na chochote, hata hewa, kiwango hicho ni 1. Cha teflon ni takriban 2.1, polithini 2.3, silikoni 11.7, na maji karibu 80. Katika kitu chenye kiwango cha 4, wimbi husafiri kwa nusu ya kasi yake ya kawaida.

Namba ya pili ni ya upotevu. Hii hueleza ni kiasi gani cha nishati hugeuka joto ndani ya kitu. Mbao za saketi zilizotengenezwa kwa nyuzi za glasi na gundi ya epoksi huwa na upotevu wa takriban 0.02, ilhali wa teflon uko chini ya 0.001. Kwa sababu hiyo, mbao za epoksi hutosha katika vifaa vingi vya kawaida, lakini saketi za masafa ya juu sana aghalabu huhitaji vitu vyenye upotevu mdogo zaidi.

Chimbuko la taaluma hii

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoipa taaluma hii msukumo. Polithini iligunduliwa Uingereza mnamo 1933 na Eric Fawcett pamoja na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, kisha ikatumiwa kufunika nyaya za rada kwa kuwa haikuyala mawimbi. Nchini Marekani, Arthur von Hippel wa chuo cha MIT aliongoza maabara iliyopima mamia ya vitu. Mnamo 1954 alichapisha kitabu chenye majedwali ya vipimo hivyo, nacho kikawa tegemeo la wahandisi kwa miaka mingi.

Namna ya kupima

Njia ya kwanza hutumia kopo la chuma lililofungwa, ambalo mawimbi huvuma ndani yake kwa masafa maalumu, mithili ya kengele yenye sauti yake. Sampuli ndogo ikitiwa ndani, masafa hayo hushuka na mvumo hufifia upesi. Kushuka huonyesha kiwango cha dielektriki; kufifia huonyesha upotevu. Njia hii hupima vyema vitu vyenye upotevu mdogo, lakini kwa masafa machache tu.

Njia ya pili ni kujaza sampuli ndani ya bomba la chuma linaloongoza mawimbi. Mashine hupima sehemu ya wimbi inayorudi na ile inayopenya, kisha hesabu hufanywa kwa kanuni zilizotolewa na Nicolson na Ross mnamo 1970 na kuendelezwa na Weir mnamo 1974. Hapa masafa mengi hupimwa kwa pamoja, lakini sampuli isipokaa sawasawa, mwanya mwembamba wa hewa hutosha kupotosha majibu.

Tahadhari hii si ya bure. Pua ya ndege huficha rada ya hali ya hewa, na hujengwa kwa kompoziti, yaani polima iliyochanganywa na nyuzi kama za glasi. Kwa gigahezi 10, wimbi lina urefu wa sentimita 3 hewani, na sentimita 1.5 ndani ya kompoziti yenye kiwango cha 4. Ukuta wa milimita 7.5, ambao ni nusu ya wimbi hilo, huruhusu wimbi linaloupiga wima kupita bila kurudishwa nyuma. Namba ikikosewa, unene nao hukosewa, na rubani huonyeshwa picha hafifu ya dhoruba iliyo mbele yake.

Semikondakta

Silikoni ni semikondakta, yaani upitishaji wake wa umeme uko kati ya ule wa metali na ule wa vihami. Atomi moja ya fosforasi katika atomi milioni moja za silikoni huongeza upitishaji huo zaidi ya mara 100,000. Katika kukagua silikoni ya paneli za sola, mtaalamu humulika mwanga wa ghafla ili kuamsha elektroni, kisha hutazama jinsi maikrowevu zinazorudishwa zinavyopungua. Elektroni zikidumu muda mrefu, silikoni ni safi. Kipimo hiki hakihitaji kuigusa wala kuiharibu.

Maji na mahindi

Kwa kuwa kiwango cha maji ni kikubwa mno, unyevu kidogo tu hubadilisha vipimo vya kompoziti. Balaa hilo la maabara ni neema kwa mkulima. Vipimaunyevu vingi vya nafaka hutumia tabia iyo hiyo, ingawa kwa masafa ya chini zaidi, kubaini iwapo mahindi yamekauka hadi asilimia 13.5 inayokubalika kuhifadhiwa nchini Kenya. Mnamo 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa nchi kwa sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu unaostawi katika nafaka yenye unyevu.