Soko la Burma na Vijana Waliovuka Bahari

Wakazi wa Eastlands, Nairobi, hulijua Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, kwa nyama yake. Jina lake, wanavyosimulia wenyeji, lililetwa na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia.

Hao walikuwa vijana wa King's African Rifles, au Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki. Mkamba, Mjaluo, Mnandi na Mnyasa walielewana kwa Kiswahili cha jeshini. Walipandishwa meli Kilindini wakapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Miezi michache baadaye, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, iliingia Burma. Iliwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw huku mvua ikinyesha mfululizo, magari yakikwama topeni na malaria ikiwalaza askari. Kufikia Desemba ilikuwa Kalewa, kwenye Mto Chindwin.

Vita vilipoisha mwaka 1945, wanajeshi Wazungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Askari Mwafrika alirudi kusaka kibarua Nairobi, kipande, kitambulisho cha lazima kwa Waafrika, kikimning'inia shingoni. Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka: alikwisha kumwona Mzungu akiogopa na akifa kama yeye. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, alifanya kazi katika reli, kisha akaingia msitu wa Mlima Kenya kama Jenerali China wa Mau Mau. Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshi Mashariki ya Kati, aliongoza vyama vya wafanyakazi na akawa mmoja wa sita waliohukumiwa Kapenguria kwa tuhuma za kuongoza Mau Mau.

Historia hii haikuandikwa na makamanda peke yao. Sehemu yake imo masandukuni katika mitaa ya Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo: nishani, barua, vyeti vya kuachishwa jeshi. Mwenye babu aliyekuwa Keya asiuze nishani hizo kwa bei ya chuma chakavu. Arekodi masimulizi ya wazee, na nakala za hati azipeleke Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue.