Ukandarasi wa Ng'ambo katika Utengenezaji wa Programu

Ukandarasi wa ng'ambo ni utaratibu ambao taasisi, badala ya kuajiri watu wake, huikabidhi kazi kwa mkataba kwa timu iliyo katika nchi nyingine, hasa nchi ambayo ujira wake ni mdogo. Neno ukandarasi linafaa kuliko uzabuni, kwa kuwa zabuni ni shindano la kuitafuta kazi, ilhali hapa inazungumzwa kazi yenyewe. Na ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji, inalibeba vyema wazo la ufukwe mwingine lililomo katika istilahi ya Kiingereza, offshore. Kwa kampuni ya Marekani, Nairobi, ambako Andela, kampuni inayowaunganisha watengenezaji programu wa Afrika na kampuni za nje, ilifungua kituo mwaka 2015, ni ng'ambo.

Hata hivyo, ng'ambo hii hupimwa kwa mpaka wa nchi, si kwa umbali. Bukoba, kwa barabara ya Mutukula, iko karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, lakini timu ya Kampala ndiyo ya ng'ambo, na sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania humtaka mlipaji azuie asilimia 15 ya ada ya huduma ya asiye mkaazi, wakati ya mkaazi ni asilimia 5.

Unafuu wa ujira huonekana mapema. Gharama ya kuieleza kazi huchelewa kuonekana, nayo ndiyo nzito. Chama cha msingi cha ushirika cha Muleba kinapoagiza programu ya kupokea kahawa, mtengenezaji aliye mbali anaweza kupanga bila kosa uzito wa maganda, makato na malipo, lakini asipoelezwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida, hatatambua kwamba anayefikisha mzigo kwenye mizani huenda si mwenye kibanja, yaani shamba lenyewe, na programu yake itampa mlanguzi stakabadhi safi kabisa.

Mkataba nao usipodai msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, chama kitamtegemea mkandarasi yuleyule kwa kila badiliko, kwa bei atakayoitaja. Na daftari la wakulima likivuka mpaka, linaingia katika masharti ya kuhamisha taarifa nje ya nchi yaliyomo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022.