Nani Hulipia Utofauti: Ada na Udahili katika Vyuo vya Kibiashara vya Marekani

Takwimu za vyuo vya stadi za kazi vinavyoendeshwa kibiashara nchini Marekani huchapishwa kwa mafungu matatu: udahili, mchanganyiko wa wanafunzi na gharama. Msomaji huyapitia kama habari tatu. Makala haya yanadai kuwa ni habari moja: ada hupangwa kwa kutazama ukomo wa fedha za umma, ukomo huo huamua nani atafutwe, na hao waliotafutwa ndio ule mchanganyiko ambao vyuo hujivunia.

Kwa hesabu za wanauchumi Deming, Goldin na Katz, vyuo hivi vilikuwa na wanafunzi 18,333 tu mwaka 1970; kufikia 2009 walikuwa takribani milioni 1.85, yaani asilimia 9 ya wanafunzi wote wa elimu ya juu. Kati ya miaka hiyo yapo marekebisho ya 1972 ya sheria ya elimu ya juu, yaliyowafungulia mlango wa ruzuku ambayo leo huitwa Pell. Kadiri kipato cha mwombaji kilivyo kidogo, ndivyo ruzuku inavyokuwa kubwa. Kwa mwenye chuo, basi, mama anayelea watoto peke yake na kufanya usafi maofisini usiku si mteja dhaifu hata kidogo. Amekuja na fungu kamili. Haishangazi kwamba wanawake, Weusi, Walatino na watu wazima wenye familia wamekuwa wengi humo kuliko kwingineko. Cellini na Goldin, mwaka 2014, walilinganisha vyuo vya kibiashara vinavyofanana na kukuta kwamba vile vyenye kibali cha kupokea misaada hutoza ada iliyo juu kwa takribani asilimia 78.

Bunge lilijaribu kufunga breki. Mwaka 1992 liliamua kwamba misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi isizidi asilimia 85 ya mapato ya chuo. Mwaka 1998 kiwango kikapandishwa hadi 90. Wazo lenyewe lilikuwa la busara: kama mafunzo yana thamani, asikosekane mtu wa kutoa angalau senti kumi za kila dola. Lakini mwanafunzi asiye na hizo senti kumi afanyeje? Chuo kikishusha ada hadi ilingane na msaada, mapato yake yote yatatoka serikalini na kitakuwa kimekiuka sheria. Ada yapaswa kupita msaada, na pengo lizibwe kwingine.

Kampuni ya Corinthian Colleges ya California, iliyowahi kuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000, ililiziba kwa mikopo iliyoitwa Genesis. Mwaka 2014 wakala wa serikali unaolinda watumiaji wa huduma za fedha uliishtaki, ukidai kwamba ilipandisha ada makusudi ili wanafunzi walazimike kuchukua mikopo hiyo, huku ikijua kwamba wengi hawataweza kurejesha. Mwaka uliofuata kampuni ilifilisika, na mahakama ikatoa hukumu dhidi yake. Nani hukopesha akijua halipwi? Anayejua hesabu ya 90 kwa 10. Kila dola kumi zilizoandikwa vitabuni kuwa si za serikali zilihalalisha tisini zilizo za serikali. Mkopo usiolipika haukuwa biashara mbovu. Ulikuwa bei ya kibali.

Ripoti ya Seneta Harkin ya 2012 kuhusu vyuo hivi ilionyesha fedha zilikokwenda. Kampuni 30 zilizochunguzwa zilitumia asilimia 22.7 ya mapato kwa matangazo na kusaka wanafunzi, na asilimia 17.2 kwa ufundishaji. Ziliajiri wasaka wanafunzi 35,202, na watu 3,512 wa kuwasaidia kupata kazi. (Ni kweli kwamba ripoti hiyo ilikuwa ya upande mmoja wa kamati ya Seneti; tarakimu, hata hivyo, zilitoka kwenye kampuni zenyewe.)

Watetezi husema vyuo hivi huwapokea walioachwa nje, na hawakosei. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, vyuo vya jamii vya California, ambavyo ni vya umma, vilikatiwa bajeti na kufuta madarasa mengi. Tressie McMillan Cottom, mwanasosholojia aliyewahi kudahili wanafunzi katika vyuo vya aina hii, ameeleza vizuri jinsi soko la ajira linavyowasukuma watu kutafuta vyeti kwa gharama yoyote. Lakini hoja hiyo inaeleza uhitaji, haielezi bei. Haituambii kwa nini stashahada ya miaka miwili iligharimu, kwa wastani wa ripoti ya Harkin, mara nne ya ile ya chuo cha jamii.

Mwaka 2021 Bunge liliziba mwanya mmoja: fedha za masomo za askari wastaafu, zilizokuwa zikihesabiwa kana kwamba si za serikali, sasa zinaingizwa katika zile 90. Hata hivyo sheria hiyo bado inauliza fedha zimetoka wapi, haiulizi zimemnunulia mwanafunzi nini. Kanuni inayouliza hivyo, kwa kulinganisha deni la mhitimu na kipato chake, ilitolewa 2014, ikafutwa 2019, ikarudishwa 2023. Kwa mwendo huo, chuo chenye subira hakina haja ya kugusa ada yake.