Maktaba Yenye Miguu: Ngamia wa Garissa

Oktoba 1996 ngamia watatu walitoka mjini Garissa na mzigo ambao haukuwa maji wala nafaka. Wa kwanza alibeba masanduku mawili ya vitabu, kama 400 kwa jumla, yaliyofungwa huku na huku mgongoni ili uzito ulingane. Wa pili alibeba hema. Wa tatu, vikorokoro vya safari. Nyuma yao walitembea wachungaji na mkutubi.

Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilikuwapo kisheria tangu 1965, na Garissa ilikuwa na jengo lake. Lakini wafugaji wa Kisomali wa mkoa ule hufuata malisho na maji. Jengo hukaa palepale. Gari la vitabu lingezama mchangani. Watu wa maktaba walifanya alichokifanya kila mfanyabiashara wa huko kabla yao: walimpakia ngamia.

Kituoni, mara nyingi karibu na shule, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, vitabu vikapangwa. Mtoto aliazima kitabu kwa wiki mbili, msafara ukirudi akakibadilisha. Wiki mbili! Kwa jamii inayohama, mkopo wa namna hiyo ni imani tupu: mvua ikinyesha upande mwingine, kitabu nacho huenda kikahama na mbuzi.

Wanafunzi walitaka zaidi vitabu vya kiada, kwa sababu shule zao zilikuwa na vichache mno. Basi sanduku likawa pia kabati la darasa. Huduma ikafika hadi mji wa Wajir, na ngamia wakaongezeka hadi kupita sita.

Mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton alichapisha riwaya kuhusu msafara wa namna hii, na vitabu vya msaada vikamiminika kutoka ng'ambo. Msaada ni msaada. Hata hivyo naona dunia ilimpenda ngamia kuliko ilivyouliza amebeba nini: sandukuni vilijaa vya Kiingereza na Kiswahili, na mtoto aliyeazima alirudi kwenye boma ambako mama yake huzungumza Kisomali.